Jino Langu na Kiingereza cha Madamu

Jumatatu, 5 Mei

Siku imeanza vibaya. Mstarini asubuhi Madamu Mwanamvua, mkuu wetu wa shule, katangaza kwamba kibao sasa si cha watoto peke yao. Hata mwalimu atakayesikika akisema Kiswahili ndani ya uzio atakivaa shingoni. Ni kipande cha ubao chenye kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba aliyekivaa amesema Kiswahili. Kimezoea shingo za darasa la pili. Sasa kinaitafuta shingo yangu mimi, Elick.

Hilo tisa. Kumi, Ijumaa Madamu ataingia darasani kwangu kunisikiliza nikifundisha hesabu kwa Kiingereza. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi Biharamulo kwa kaka Theonest, kushika jembe. Theonest alishawatangazia majirani kwamba nitarudi kabla maharage hayajavunwa. Maharage yameanza kukauka. Naogopa, sifichi.

Hesabu naijua. Hata Kiingereza cha kitabuni nakijua. Kinachoniua ni vile vineno vidogo vya mkiani. Unamkuta "look" katulia zake, anatazama. Mpe "for", anatafuta. Mpe "after", analea watoto. Mpe "into", anachunguza kama polisi. Halafu kuna "it" na "them", hawa sijawahi kujua mahali pao ni wapi. Leo mtoto kaangusha rula, nikamwambia "pick up it". Darasa zima likacheka, hadi yule aliyevaa kibao.

Dirishani alikuwepo Mwalimu Frednand. Huyo vineno hivyo anavimwaga kama chumvi kwenye maharage ya shule. Ofisini kaniuliza mbele ya watu kama nina-"get on with" darasa langu. Nikatabasamu. Karudia swali. Nikatabasamu zaidi, mpaka mashavu yakauma.

Mashavu kuuma! Hapo nikapata wazo.

Jumanne, 6 Mei

Asiyesema hakosei. Nimeamka na jino bovu. Nimejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, fundo juu. Kioo kinasema naonekana mgonjwa kabisa.

Mpango umeenda vizuri. Naandika swali ubaoni, naelekeza kwa fimbo, watoto wanajibu kwa pamoja. Madamu kapita, kanitazama, kasikitika. Frednand kaniambia "cheer up". Sikumjibu. Mgonjwa hajibu.

Kibao kimemwangukia Mwalimu Suzan wa chekechea. Mtoto alimkanyaga kidole, akasema mama yangu. Kakivaa hadi jioni, kichwa chini. Nilimhurumia sana, lakini kwa mbali.

Jumatano, 7 Mei

Ubaya wa kuumwa jino ni njaa. Tangu jana nanyweshwa uji tu. Mchana uzalendo ukanishinda. Nikazunguka nyuma ya jiko na hindi la kuchoma, kitambaa nimekishusha shingoni, natafuna kwa raha zangu. Nainua macho, mama Dafroza mpishi huyu hapa, na sufuria mkononi.

Nilishtuka vibaya. Nikalitupa hindi, nikashika shavu, nikagumia. Nikamwambia shikamoo kwa sauti ya mtu anayekata roho. Akatua sufuria, akakimbilia ofisini kumwambia Madamu kwamba mwalimu anajilazimisha kula na jino linamuua, na kwao Kasulo alimfahamu mtu aliyepuuza jino hivyo hivyo, wakamzika.

Madamu kaamua palepale. Kesho naenda kwa daktari wa meno Ngara mjini, gharama juu ya shule. Nikatikisa kichwa kukataa. Akasema ni ushujaa, lakini afya kwanza. Na nisiende peke yangu. Nisindikizwe na Frednand.

Usingizi utatoka wapi.

Alhamisi, 8 Mei

Tumekwenda kwa bodaboda, mshikaki: dereva mbele, Frednand nyuma, mimi nimebanwa katikati. Njia nzima Frednand kaimba. Mimi nimesali.

Daktari ana mikono mikubwa. Kauliza ni jino lipi. Ewe Mola, nilikuwa sijachagua! Nikagusa moja la nyuma kabisa, kulia, lisiloonekana nikicheka. Kaligonga, kalimulika, kasema haoni kitu, jino zima hili. Akashauri nirudi nyumbani nikaangalie hali kwanza. Nusura nimbusu.

Ndipo Frednand akaongea kutoka kwenye benchi. Akasema mwenzake hajatamka neno tangu juzi, na mtu mzima hawezi kujisingizia ugonjwa muda wote huo. Kisha akanitazama. Au anaweza, akauliza.

Niliogopa koleo. Nilimwogopa Frednand zaidi. Nikamwambia daktari ang'oe, maumivu hayavumiliki. Kauliza tena kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Frednand akamhimiza kwa Kiingereza: "Take it out."

Ganzi ilikuwa imeshaingia, koleo liko mdomoni, ndipo nikaelewa. "It" inakaa katikati! "Take" mbele, "out" nyuma, yenyewe imebanwa kati kama mimi kwenye pikipiki. Miaka yote shuleni hakuna aliyenionyesha hivyo. Nilitaka kuwaambia wasimamishe kazi, nimeshapona. Nikasikia kah, jino limetoka.

Ijumaa, 9 Mei

Shavu limevimba. Madamu kaingia na kiti chake, kakaa nyuma ya darasa. Nikaandika swali. Nikafungua mdomo nianze kwa lile nililolielewa jana, ikatoka sauti ya ndama.

Madamu akainuka. Akasema kwa Kiswahili safi, kwa sauti, pole sana mwalimu wangu, kaa chini usijitese.

Anneth, aliyekuwa na kibao tangu mapumziko, akasimama. Akapita katikati ya madawati, akakivua, akamkabidhi Madamu kwa mikono miwili na kupiga goti, kama anavyofundishwa kumpa mkubwa kitu. Nilimwogopea yule mtoto kuliko nilivyojiogopea.

Madamu akakitazama. Akainama, akakivaa. Akafundisha somo langu lote kikining'inia kifuani.

Baadaye akatuita walimu ofisini, bado amekivaa. Akasema vineno vya Kiingereza vilimliza alipoanza kazi, na hata leo vinamtoa jasho. Alitaka kibao kitufanye tuulizane, kumbe kimetufanya tujifiche, basi kwa wakubwa kimeisha. Hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya Kiingereza. Kuanzia Jumatatu baada ya vipindi atatufundisha mwenyewe, kisha ndipo atanisikiliza. Nani anataka?

Wa kwanza kunyoosha mkono ni Frednand. Akakiri kwamba vineno vyake anaviokota redioni, na nusu yake hajui anavipeleka wapi.

Nikalia. Wakadhani ni kidonda. Jino langu zima, jamani, jino nililopewa na mama yangu!

Jumatatu, 12 Mei

Uvimbe umeisha. Kaka Theonest kapiga simu asubuhi: wameanza kung'oa maharage, akaniuliza kama anibakizie tuta. Nikamjibu kazi inaendelea vizuri.

Darasa la Madamu ni leo jioni. Suzan kanishikia kiti, jirani na Frednand. Nasikia kila mmoja atasimama atunge sentensi mbele ya wenzake, na akikosea wenzake watamsaidia. Frednand anisaidie mimi!

Nimefikiri sana safari hii niumwe nini. Sikio halifai, watanipigia kelele. Mguu haumzuii mtu kusema. Mama Dafroza kanipitia sasa hivi kuniuliza hali, nikajikuta nimeshika shavu la kushoto.

Kitambaa nilishakifua, kiko kambani, kimekauka. Meno bado ninayo ya kutosha.