Mnara Uliosimama kwa Kichwa

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Naanza kwa kuiomba radhi shajara hii, ambayo sijaiandikia tangu nilipoanguka kwenye ngazi mwezi wa Machi. Mkono umepona. Hofu haijapona.

Binti yangu alipiga simu asubuhi. Yeye ni muuguzi mkuu, na huzungumza na baba yake kama anavyozungumza na wodi nzima. Alisema anakuja Jumapili saa kumi. Alisema nisijisumbue kupika. Alisema tutazungumza. Najua kitakachozungumzwa: nihamie kwake, katika chumba chenye cherehani na dirisha linalotazama ukuta, na nyumba hii ambamo mama yake alifia ipangishwe. Anaamini akili yangu imeanza kuchakaa. Ushahidi wake ni ngazi, birika lililoungua, na siku ile mtu alipokosea namba ya simu nami nikamwomba radhi kwa dakika ishirini.

Lakini nina mpango! Shule nilikokuwa karani kwa miaka thelathini na mmoja imesafisha maabara yake, na mwalimu mkuu amenizawadia sanduku lenye darubini ya kutazamia mbingu. Nitaiunganisha mwenyewe. Jumapili, jua likizama, nitamwonyesha binti yangu mwezi mchanga. Mtu anayeweza kuuleta mwezi uani kwake hawezi kuambiwa kuwa amepungukiwa.

Kijitabu cha maelekezo kina kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa saba umeliwa na panya. Sidhani kwamba ulikuwa na jambo la maana.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Imesimama! Kijitabu kinaagiza miguu mitatu ya stendi ikae juu ya udongo mgumu, si juu ya mbao za baraza, zinazotikisika hata paka akipita. Kati ya miguu nimening'iniza mfuko wa mawe ili upepo usiiyumbishe. Skrubu moja imebaki. Nimeitia katika bahasha na kuandika juu yake: "Haijulikani."

Ukurasa wa tatu umenitoa kijasho. Kwa herufi kubwa: USIELEKEZE DARUBINI KWENYE JUA KAMWE. Jicho huungua papo hapo, na mtu hupofuka. Sikuweza kunywa chai nikijua kwamba chombo hicho kimesimama uani peke yake na jua liko juu. Nikakivika koti langu la mvua na kofia.

Bwana Mpima alipita uani. Huyu ni jirani yangu, mpima ardhi mstaafu, ambaye amekwisha kupima mpaka wa ua wangu mara tatu na kila mara ukasogea upande wangu. Anayo namba ya simu ya binti yangu kwa ajili ya dharura. Kwake yeye, kila nifanyalo ni dharura. Aliisalimu darubini mara mbili, kisha akaondoka akilalamika kwamba siku hizi Karani haitikii salamu. Nilimwandikia barua ya kuomba radhi kwa niaba ya koti.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimeona jambo la kutisha.

Kijitabu kinashauri kwamba darubini ilengwe kwanza mchana, kwa kitu cha mbali kisichotembea, ili ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni ikubaliane na kubwa. Nikachagua mnara wa kengele wa kanisa, kule mtaa wa chini. Nilianza na lenzi namba sita. Nikaona ukungu wa kahawia tu. Kumbe namba kubwa ndiyo yenye nguvu ndogo, na anayeanza aanze na hiyo, kwa sababu huonyesha eneo pana. Nikatia namba ishirini na tano. Nikazungusha gurudumu la kurekebishia polepole.

Mnara ukatokea. Ulikuwa umesimama kwa kichwa! Msalaba chini, mlango juu, na mfagizi wa kanisa akitembea kama nzi darini.

Nikafuta miwani. Nikalizungusha bomba la darubini, la juu likawa chini. Mnara haukujali. Nikatazama kwa macho matupu: umesimama wima, kama alivyouacha mjenzi. Nikakaa juu ya ndoo na kutafakari kama tulivyofundishwa misheni, hatua kwa hatua. Darubini haina ubongo. Mimi ninao. Basi hitilafu iko kwa mwenye ubongo.

Binti yangu alikuwa na haki tangu mwanzo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeamua kuficha.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimejipima akili. Jedwali la kuzidisha la kumi na saba: sawa. Vitabu vya Biblia kutoka mwisho hadi mwanzo, kama tulivyotakiwa na padri aliyekuwa na fimbo: sawa, isipokuwa Habakuki, ambaye hata zamani alinisumbua. Nikarudi kwenye darubini. Mnara bado umepinduka.

Ndipo nikapata wazo. Ikiwa ubongo unapindua, basi mwenye ubongo naye apinduke! Niliishusha stendi, nikaigeuzia darubini mgongo, nikainama, nikatazama kupitia katikati ya miguu yangu. Ajabu! Mnara wima! Msalaba juu! Machozi ya shukrani yalinitiririka kuelekea kwenye paji la uso.

Sauti ikatoka ng'ambo ya ua: "Karani! Umepoteza sarafu, au umepoteza akili?"

Nilimwomba radhi Bwana Mpima kwa lugha rasmi, katika mkao uleule, kwa kuwa kiuno kilikuwa kimegoma.

Hazikupita dakika kumi simu ikalia. Binti yangu aliniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu. Akauliza mwezi gani. Nikamjibu. Akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi, nilikuwa nimeinama ninafanya nini. Nikasema mazoezi ya viungo. Akasema Jumapili atakuja na masanduku mawili matupu.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Sikupata usingizi. Nimemweleza marehemu mke wangu, katika picha yake ya sebuleni, kuhusu chumba chenye cherehani. Yeye alizoea kusema kwamba mimi humwomba radhi hata kiti nilichojigonga nacho. Nimemwomba radhi na yeye.

Mpango mpya: nitajizoeza kusema kinyume. Nikiona juu, nitasema chini. Binti yangu hatatambua. Nimejizoeza na kikombe. Shati limelowa chai.

Bwana Mpima ameegemeza ngazi kwenye paa lake. Nilipomuuliza, alisema anakagua mabati kabla ya mvua. Mvua iko wapi? Anatafuta kimo cha kunichungulia, ili apeleke taarifa kamili! Nilimwomba radhi kwa kuiona ngazi yake.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Upofu! Asubuhi nilitazama katika darubini nikaona giza tupu. Nilipapasa hadi jikoni, nikakaa saa nzima nikiziaga rangi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimefika kwenye kijani cha pazia ndipo nikatambua kwamba nakiona.

Kifuniko cha mbele kilikuwa hakijaondolewa.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio.

Tangu saa nane mchana nilikuwa nikisikia sauti hafifu ikiniita kutoka juu: "Karani... Karani..." Nilidhani ni dalili ya pili ya ugonjwa. Nikafunga madirisha.

Saa tisa na nusu niliitoa darubini na kuiweka kivulini, kwani kijitabu husema ikae nje nusu saa kabla ya kutumika, izoee hewa. Saa kumi kamili binti yangu aliingia na masanduku mawili. Aliniamkia huku amenishika kifundo cha mkono, akihesabu mapigo ya moyo. Yalikuwa mengi.

Nikamwomba, kabla ya mazungumzo, atazame kidogo. Alikubali kwa uso wa mtu anayemridhisha mgonjwa. Akalisukuma bomba huku na huku bila adabu yoyote. Mara akatulia. Akisema kwamba kila kitu kiko wima, nimekwisha.

Akasema: "Baba, mbona Mzee Mpima ananing'inia kichwa chini?"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kichwa chini! Hata yeye! Nilimkumbatia, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikarusha kofia. Binti yangu aliniuliza kama kweli nashangilia jirani yetu kukwama juu ya paa.

Nikatazama kwa macho matupu. Bwana Mpima alikuwa amelala kifudifudi juu ya mabati, ameukumbatia mgongo wa paa kwa mikono miwili. Ngazi ilikuwa chini, juu ya maua yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Binti yangu alikimbia, akaisimamisha ngazi, akamshusha kama mtoto. Alimketisha katika kiti changu na kumpa chai. Bwana Mpima alisema ameniita saa mbili nzima. Ilinibidi nieleze kwa nini sikuitika, na hapo yote yakatoka: mnara, mfagizi, Habakuki. Binti yangu alijifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka.

"Baba, darubini za mbingu hupindua picha. Hata hadubini ya maabara yetu hupindua. Mbona hukuuliza?"

Bwana Mpima akaongeza kwamba hata vyombo vyake vya kazini vilipindua miaka ishirini ya kwanza, na kwamba lingejua hilo hata jiwe la mpaka. Binti yangu alimwambia kwamba yeye hana ruhusa ya kuzungumza hadi amalize chai.

Kisha akatoa hukumu. Bila darubini, mzee wa watu angelala juu ya mabati. Kwa hiyo nibaki nyumbani kwangu, kwa masharti. Kila siku saa kumi na mbili jioni nitatazama dirisha la Bwana Mpima naye atatazama langu. Asiyeonekana apigiwe simu. Anayejisikia vibaya aseme. Na ngazi yangu nisiiguse tena maisha yangu yote. Nikaapa.

Jua lilipozama, mwezi ulitokea juu ya mnara, mwembamba kama ukucha. Nikauleta uani. Binti yangu aliutazama kwa muda mrefu. Mwezi hauna juu wala chini. Alisema mama angeupenda.

Masanduku yamerudi matupu.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Nimetafakari mafunzo ya juma hili kwa unyenyekevu.

Uani kwangu mnara huficha nyota zote za upande ule. Juu ya paa la Bwana Mpima mtu angeziona vizuri. Nimeapa kutogusa ngazi yangu. Ngazi yake haikutajwa.

Napanda kesho saa kumi na moja jioni. Yeye ataishika ngazi kwa chini, kwa kuwa nimekubali, kwa maandishi, kwamba mpaka usogee. Nimekwisha kumwomba radhi mapema.

Tangu asubuhi kidole gumba cha mguu kimekufa ganzi. Sijamwambia mtu.