Mabenchi Yaliyohamia Kwenye Chanjo

Jumatatu, 9 Juni
Habari kubwa. Baada ya sala ya asubuhi Bi Scovia, mkuu wa kituo chetu cha afya, ametutangazia kwamba imepatikana nafasi moja ya mkuu wa idara. Ijumaa wakaguzi wa wilaya watakuja kuona tulivyotimiza imihigo, zile ahadi za kazi tunazosaini kila mwaka, kisha wataamua: mkuu awe wa mapokezi au wa chanjo. Chanjo ni Joselyne. Mapokezi ni mimi na daftari langu.

Lazima niipate. Marehemu mke wangu Béatha aliwaambia ndugu zake wa Gahanga kwamba mimi ni Mkuu wa Mapokezi. Sikumsahihisha. Siku hiyo alikuwa amevaa kitenge kipya, na alifurahi sana kusema hivyo. Jumapili ni misa ya mwaka mmoja tangu atutoke. Dada yake Spéciose atakuja, na Spéciose ni mtu wa kuuliza.

Shida ni ahadi yangu. Nilisaini kwamba hakuna mgonjwa atakayesubiri zaidi ya dakika ishirini. Leo wamesubiri saa moja na nusu.

Jumanne, 10 Juni
Ili kuokoa muda nimeandika majina ya kwanza tu. Muuguzi akaita Emmanuel. Wakasimama saba. Mmoja karibu apigwe sindano ya mwenzake. Bi Scovia ameniambia kwa upole niandike yote upya. Akaniuliza pia kama ninakula vizuri siku hizi.

Jumatano, 11 Juni
Nimesoma tena karatasi ya ahadi. Muda unahesabiwa tangu mgonjwa anapoketi kwenye benchi la mapokezi. Asipokuwa na benchi, ataketi wapi? Na asipoketi, anasubirije?

Nimehamisha mabenchi yote sita hadi kibaraza cha chanjo. Joselyne aliuliza kulikoni. Nikamwambia ni zawadi ya idara kwa idara. Akanishukuru mara mbili na kunipa nusu ya parachichi lake. Nimelila kwa aibu kidogo. Lilikuwa tamu.

Alhamisi, 12 Juni
Mambo safi. Kila anayefika namwambia akapumzike kwenye kivuli cha chanjo, nitamwita. Mzee mmoja anayeumwa goti aliuliza kama anachanjwa goti. Nikamwomba awe na subira.

Joselyne, maskini, hajui kuacha mtu akae bure. Anawapima homa, anawafundisha kunawa mikono, anawauliza habari za watoto. Nimemwangalia anavyotoka jasho, nikamwonea huruma. Ushindani si mzuri.

Jioni nimeng'arisha viatu kwa ganda la ndizi, kama Béatha alivyokuwa akinifanyia. Yeye alikuwa akila ndizi kwanza, kisha anacheka kwamba kiwi yake ina vitamini.

Ijumaa, 13 Juni
Wakaguzi watatu, kiongozi wao Mzee Sangwa. Wamenikuta mimi, daftari na saa ya ukutani. Nikawaeleza kwamba muda wa kusubiri hapa ni sifuri. Mzee Sangwa aliandika kwa muda mrefu, nikaona ni dalili njema. Kisha akaniuliza kama huwa sijisikii mpweke.

Wakavuka ua kwenda chanjo. Watu themanini, na Joselyne mmoja.

Saa nane wametoa uamuzi. Mkuu awekwe penye kazi. Na kwa kuwa mapokezi hayana watu, yatakuwa chini ya chanjo. Joselyne sasa ni Mkuu wa Chanjo na Mapokezi. Alinikumbatia mbele ya wote akasema hatasahau yale mabenchi maisha yake yote.

Meza yangu imehamishiwa kibarazani kwake. Kivuli ni kizuri kweli.

Jumapili, 15 Juni
Misa ilikuwa nzuri. Waliimba ule wimbo ambao Béatha alikuwa akikosea ubeti wa pili kila mara. Nikaukosea kwa niaba yake.

Nje ya kanisa Spéciose aliuliza habari za ukuu. Nikaanza kukohoa. Akaniambia niache kujitesa, shemeji. Kumbe Béatha alikuwa ameshamweleza ukweli zamani: kwamba mimi si mkuu wa chochote, ila nakumbuka jina la kila mama na la mtoto wake, na kwamba wakuu wengi hilo hawaliwezi.

Spéciose alinishikia Fanta mpaka nikamaliza kupangusa macho.

Jumatatu, 16 Juni
Nimetafakari maneno ya Béatha usiku kucha. Mke wa namna hiyo anastahili mume mwenye cheo.

Bahati imekuja yenyewe. Joselyne anahitaji naibu. Tunaoitaka nafasi hiyo ni wawili: mimi na Maneno wa maabara. Bi Scovia atatukagua Ijumaa. Nimesaini ahadi mpya, safari hii dakika kumi.

Nimepita maabara mara mbili leo. Kibaraza chao ni kipana na hakina kitu. Mabenchi sita yatatosha bila shida.