Mtafiti Wenu Anafukuza Wateja Kibandani Kwangu

Nyahanga, Kahama.

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

YAH: KUOMBA NDUGU THOBIAS AONDOLEWE

Shikamoo. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Mwezi uliopita mlimleta mtafiti wenu, Thobias, achunguze watu wanavyotumia huduma hii. Nilimpa benchi, kivuli na viazi vya kuchemsha. Adabu anayo. Tatizo ni dodoso lake.

1. Swali la nne: "Unayemtumia, mlionana lini?" Alimuuliza Nkwabi, mchimbaji wa dhahabu, aliyekuwa akimtumia mkewe huko Songwa kila Jumamosi bila kukosa. Nkwabi akahesabu vidole. Halafu akasema, "Mtoto alikuwa hajaota meno. Sasa yuko darasa la kwanza." Akapanda basi siku ileile, pesa mfukoni. Kamisheni yangu ikapanda naye.

2. Swali la tano: pesa inakwenda kufanya nini? Mama Luka alijibu kuwa anamtumia kaka yake pesa ya dawa ya presha ya mama yao, anayeishi naye. Thobias akauliza, "Dawa gani?" Mama Luka hakujua, akapiga simu. Bibi akapokea mwenyewe: "Presha ya nani? Mimi natoka kupalilia mpunga!" Mama Luka hatumi tena.

3. Ugonjwa umeenea. Siku hizi mteja anafika dirishani, anaanza kutaja namba, kisha anafikiri. Mheshimiwa, biashara hii haivumilii mtu anayefikiri. Juzi watu saba walitoka kwenye foleni wakaenda moja kwa moja stendi. Makondakta wanamnunulia Thobias soda.

Kwa hiyo naomba aondolewe leo, dodoso lichomwe, na watafiti wajao waulize umri na jinsia tu, kama wenzao waliotangulia, ambao hawakugundua chochote wala hawakumdhuru mtu.

Wasalimu walimu wote, na wanafunzi wasiouliza maswali. Wabeja sana, kama tunavyoshukuru huku.

Mimi mpenda utafiti, ukifanyika mbali,
Bernadina Magesa (Mama Vumilia)

Nyongeza: Asiondolewe kabla ya Jumamosi. Baba Vumilia yuko Geita mwaka wa tatu huu. Kila mwisho wa mwezi anatuma, yeye haji, na Vumilia ameshanifika begani. Nimemdanganya baba yake kwamba laini yake itafungwa Jumamosi hiyo asipofika hapa mwenyewe na kitambulisho. Thobias amuulize dodoso zima, asiruke swali hata moja. Viazi nitakaanga.