Msabato wa Tangu Jana

Jumatatu, 4 Agosti

Mazoezi Homa Bay, kwenye ghala la zamani la pamba. Bastola za upepo tatu, wapiga shabaha tisa wenye ulemavu. Kungoja zamu kwingi. Leo Madam Nyasuguta, kocha wetu, polisi mstaafu, katangaza: Jumapili atachagua mwanamume mmoja wa kwenda mashindano ya Nairobi kupiga shabaha kwa jozi na Bonareri. Mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, alama zao zinajumlishwa. Zinajumlishwa! Sijawahi kupenda hesabu hivi.

Bonareri anashona sare za shule Asumbi, karibu na misheni ya Kikatoliki. Anapiga akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Kabla ya kufyatua huvuta pumzi, huiachia nusu, na hapo ndipo yangu inakwama. Nampenda. Miezi saba sasa, na hajui.

Tatizo ni Nyangau. Mkono wake wa kushoto haufanyi kazi, wa kulia haujui kutetemeka. Hunishinda kwa alama mbili tatu kila wiki. Na ana adabu! Leo kaniuliza hali ya mama. Mtu wa kuudhi sana.

Jumanne, 5 Agosti

Rongo. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli nachora bango la duka la Noordin, magongo yameegemea ukuta, wazo likanijia kati ya herufi S na herufi A. Saruji. Sabato!

Nyangau ni Msabato kamili. Jumamosi hata shati hapigi pasi. Nikampigia Madam hapo hapo. Nikamwambia nimesikia ghala limekodiwa Jumapili kwa harusi, afadhali tufanye Jumamosi. Akauliza nimesikia wapi. Nikasema kwa watu. Akakubali. Mimi ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, Jumamosi niko huru kabisa.

Nilikosea herufi moja tu kwenye bango. Noordin kalalamika kwamba sasa anauza "sabuji". Nimemwambia rangi ikikauka haitaonekana.

Jumatano, 6 Agosti

Nyangau kaandika kwenye grupu ya WhatsApp: hataweza kuja Jumamosi, anatutakia heri wote. Nikamtumia mikono ya maombi. Mitatu.

Mchana mzima nilipiga mbinja. Nilijiona Nairobi, mimi na Bonareri kwenye mstari mmoja, akigeuka kuniuliza nimepata ngapi.

Saa kumi, ujumbe mwingine. Bonareri. Yeye pia hatakuja. Sabato ni Sabato, kaandika.

Bonareri Msabato?! Anakaa karibu na misheni! Miezi saba nimekuwa nikidhani ni Mkatoliki mwenzangu, hata padri nilishamchagua kichwani. Sijawahi kumuuliza. Nimewahi kumuuliza nini, mimi? Humsalimia, kisha natazama viatu vyake.

Madam kajibu kwamba sheria ni moja kwa wote: asiyekuja hachaguliwi, na Mong'ina, mpigaji mwenzetu, atachukua nafasi ya Bonareri. Mwaka mzima Bonareri anafanya mazoezi, halafu mimi namnyang'anya Nairobi kwa simu ya dakika mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia Madam. Nikasema harusi imevunjika. Akauliza harusi ya nani. Nikasema bibi harusi kabadili mawazo. Akauliza jina lake. Huyu mama alihoji wezi miaka thelathini, mimi ni nani? Nikajisikia nikisema kwamba, kusema kweli, mimi pia ni Msabato, na dhamiri yangu hainiruhusu.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu jana.

Kisha akasema sawa, Jumapili. Ushindi! Lakini alipokata simu akaingia kwenye grupu na kuwaambia wote wampongeze Onyango kwa uamuzi wake. Nyangau kaandika, "Karibu nyumbani, ndugu." Bonareri kanitumia sauti. Sekunde tisa. Anasema Sabato hii niende kanisani kwao karibu na Rangwe, atanishikia nafasi kwenye benchi.

Nimeisikiliza mara kumi na nne. Mwishoni kuna cherehani kwa mbali, na kabla yake anacheka kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikujua kwamba ni siku nzima. Nilizoea saa moja na nusu, mtu anarudi nyumbani kwa chai. Hawa wana shule ya Sabato, kisha ibada, kisha chakula cha pamoja, kisha kipindi cha vijana. Na mazoezi hakuna, siku ya mwisho kabla ya uchaguzi!

Bonareri kaegesha kiti chake mwisho wa benchi, nami nikakaa karibu naye. Upande wangu wa pili, Nyangau. Kanifungulia ukurasa wa wimbo.

Mzee wa kanisa aliposema tuombe, mkono wangu ukaenda wenyewe: paji la uso, kifua, bega, bega. Ishara ya msalaba, kubwa, ya kuonekana mpaka mlangoni. Benchi lote likageuka. Bonareri kaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Alipouinua macho yalikuwa na machozi ya kicheko, akaniambia polepole kwamba nitazoea.

Alinukia sabuni na kitambaa kipya. Nilitamani ibada isiishe, mimi niliyetaka kutoka tangu saa nne. Nikamwomba Mungu wa kila siku anipe Nairobi.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike haraka kabla sijajidanganya.

Mstarini: Nyangau kushoto, mimi katikati, Bonareri kulia. Nilipiga kama sijawahi. Kumi, tisa, kumi. Kufikia risasi ya mwisho nilikuwa nyuma ya Nyangau kwa alama tano tu, na yeye alishamaliza. Nilihitaji sita tu. Sita hata Noordin anaweza!

Nikainua mkono. Kulia kwangu Bonareri akavuta pumzi, akaiachia nusu. Nikatazama. Kidogo tu. Nikarudisha macho mbele, nikaona duara jeusi, safi, tulivu. Nikafyatua. Kumi ya katikati kabisa, nzuri kuliko zote za maisha yangu.

Kwenye karatasi yake.

Madam kahesabu matundu kumi na moja kwa Bonareri, tisa kwangu. Akauliza nani. Nikainua gongo. Sheria ni kwamba aliyepiga kwa jirani anapata sifuri, na matundu yasipojulikana ni ya nani, jirani anapewa la juu. Risasi yake ya mwisho Bonareri alikuwa amepiga saba. Wakampa kumi yangu.

Nyangau kachaguliwa. Alikuja kunipa pole, na alimaanisha. Bonareri akasogeza kiti, akanishika mkono, mara ya kwanza katika miezi saba, akasema, "Asante, ndugu yangu." Ndugu! Nikasema karibu. Nikatazama viatu vyake.

Jumatatu, 11 Agosti

Habari njema! Dereva wa gari la timu anaumwa mgongo na safari ni Alhamisi. Nimempigia Madam nikamwambia mimi ni dereva wa siku nyingi. Akanikumbusha kwamba nina mguu mmoja. Nikamwambia kuna fundi wa kufunga breki za mkono. Akasema nilete leseni Jumatano.

Noordin kakubali kunifundisha leo jioni kwa pikapu yake, nikishamrekebishia bango. Haiwezi kuwa ngumu. Nimeshalikagua gari la timu: Bonareri atakaa nyuma, katikati, na juu ya usukani kuna kioo kikubwa. Nitakuwa nikimtazama njia nzima mpaka Nairobi.