Pemba Haiko Dawa

Jumatatu, 3 Machi
Huguette, mujukuu wangu, ondoa macho yako kwenye daftari langu! Adabu umeiacha wapi? Haya ni mambo ya bibi, kambo yako.

Leo nimeingia kliniki. Si mugonjwa! Muzima kabisa, ndiyo maana wamenichukua. Wanatumezesha dawa ya malaria pamoja na dawa ya tansiyo, ile presha ya damu, waone kama zitagombana ndani ya muntu asiye na ugonjwa. Wiki ijayo watabakisha mama mumoja tu: mimi ao Victorine. Victorine! Yule aliyekalia benchi yangu kanisani. Akibaki yeye, parokia yote itasema mimi ndiye mubovu.

Dokta Léonard amekataza dawa zingine, majani, hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Pemba hakutaja. Pemba ni udongo mweupe tu, bamama wote tunatafuna. Yangu iko ndani ya soksi.

Jumanne, 4 Machi
Chungu! Kila kidonge, kipande cha pemba nyuma yake. Simone, muuguzi, akanichungulia mpaka chini ya ulimi. Nikamuuliza kama amepoteza mbuzi wake humo.

Jumatano, 5 Machi
Madokta watatu kwenye kitanda changu! Eti damu yangu karibu haina dawa. Nikamwambia Victorine: damu yangu iko na nguvu, dawa inaiogopa. Akanuna mpaka saa ya kula bukari. Siku nzuri sana.

Alhamisi, 6 Machi
Simone ameona unga mweupe kwenye shuka. Dokta akanieleza: pemba inashika dawa tumboni, haifiki kwenye damu. Kumbe! Akaniachia nafasi ya mwisho.

Mbio kwa Victorine na kipande kikubwa, eti tupatane. Akaniita yaya, kama dada yake mukubwa, machozi yakamtoka. Akatafuna. Krr, krr. Na ile harufu ya mvua ya kwanza! Muntu atavumilia namna gani? Tukagawana.

Ijumaa, 7 Machi
Damu zote mbili, dawa hakuna. Tumefukuzwa pamoja. Mlangoni Victorine akaniuliza kama kumebakia kipande. Mwanamuke hana haya! Nikamupa kidogo.

Dokta anasema turudi baada ya wiki mbili. Atakayekuja bila pemba tumboni ndiye atabaki. Sawa. Pemba nimeacha, naapa mbele ya Bikira Maria. Lakini udongo wa kichuguu hakuutaja.

Huguette, najua unasoma. Kesho asubuhi shika jembe, nenda kule mtaa wa Annexe kwa mjomba wako Paulin, unikatie kile kichuguu chekundu nyuma ya mihogo. Kipande kikubwa. Na Victorine asikuone!