Kiazi Kikuu Kabla ya Jumapili

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Kaka Sakiusa, salamu nyingi katika jina la Bwana. U mzima huko jangwani na walinda amani wenzako? Na kile kikohozi cha vumbi, kimepoa? Sisi huku Nausori hatujambo, ila mvua na magoti. Uliniomba niandike kila linalotokea msimu huu, ili nawe uonje kwa macho. Haya, fungua mdomo!

Leo siku ya kugawiwa vikapu vya mavuno. Sisi wenye hisa katika shamba la kanisa ng'ambo ya mto tulijaa kwenye uwanja wa kanisa asubuhi na mapema. Changu nimekibeba kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mabiringanya yanang'aa. Bamia changa. Majani ya magimbi fungu zima. Shelisheli. Nanasi lililoiva mpaka nyuki wamenisindikiza hadi getini. Na chini kabisa, kaka, kiazi kikuu kipya! Cha kwanza mwaka huu! Kinene kama paja la mchezaji wa raga, udongo bado mbichi.

Mama Ulamila, msimamizi wa shamba, alipanda juu ya kreti akatukumbusha. Kiazi kipya hakiliwi mpaka kiwekwe mbele ya madhabahu Jumapili ya tarehe 9. Mwaka huu kila nyumba ilete chake kwa mkono wake. Atakayeonja kabla ya hapo, hisa yake inakwenda kwa aliye mbele kwenye foleni ya wanaosubiri.

Na aliye mbele ni nani? Nemani! Binamu yetu Nemani, mtoto wa mjomba, aliyezaliwa ili anichokoze. Alikuwa nje ya uzio, ameegemea kama mwenye uwanja. Akaniuliza kwa sauti, watu wasikie, kama sufuria nimeshaibandika. Nikamwambia asubiri hapo hapo mpaka meno yamtoke. Akasema meno yake yako imara, anayatunzia kikapu changu.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kidogo. Wiki moja tu! Mtu mzima, mzee msaidizi wa kanisa, ashindwe na wiki moja?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kiazi kiko pembeni mwa jiko. Kila nikipita kinanitazama. Nikakihamishia chini ya kitanda. Kosa kubwa! Sasa nakilalia. Harufu ya udongo mpya inapanda kupitia godoro.

Shemeji yako Merewalesi ameniuliza mbona siku hizi napiga magoti mara nyingi upande ule wa kitanda. Nimemwambia nasali. Si uongo wote. Nikiwa pale chini husema neno moja au mawili.

Halafu, wazo! Kiazi kina kichwa na mkia. Kitakachotazamwa kanisani ni kichwa. Mkia nani anaujali? Nimeomba mwongozo. Nikanyamaza, nikasikiliza vizuri. Sikusikia katazo lolote.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkia umeliwa! Ee kaka!

Merewalesi alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nimekata kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakichemsha, nikakimwagia tui zito na majani ya magimbi. Ndani cheupe kama shuka ya hospitali. Kikavu kidogo, kinavunjika chenyewe ukikigusa, kisha kinayeyuka. Kiazi cha dukani ni sabuni mbele yake. Nimeimba ubeti mzima wa wimbo wa sifa nikiwa nimesimama, sahani mkononi.

Merewalesi aliporudi akanusa. Akauliza nimepika nini. Nikasema shelisheli. Akalitazama shelisheli, limekaa zima juu ya meza. Nikasema lingine. Akalisogeza kando, akapanga vikombe. Mke mwema.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilipokata mkia, kiazi kikabaki na mkia mwingine. Hili sikulifikiria. Ukikata mwisho, mwisho mpya unajitokeza. Basi jana nikaukata na huo. Leo pia.

Sasa kimebaki kichwa tu. Lakini usihofu, akili ninayo! Nimechukua muhogo mnene, nikaufunga chini ya kichwa kwa kamba ya gome, nikaviringisha vyote kwa majani ya mgomba, kichwa kikachungulia juu na matope yake. Ukikitazama kwa mbali ni kiazi kilichovaa koti. Merewalesi amekisifu. Ameguswa kuona namna ninavyokiheshimu.

Jioni Nemani alipita "kunisalimu". Akazunguka nyumba mara mbili akinusa kama mbwa wa bandarini. Akauliza kwa nini kiazi changu kimevaa suti wakati vya wenzangu viko uchi. Nikamwambia heshima, binamu, kitu ambacho hukufunzwa kwenu. Akasema kwao ndiko kwa mama yangu.  Jibu lake nitampa kesho.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kaka, keti kwanza.

Merewalesi alikwenda kufagia kanisa na akina mama wenzake. Nilikuwa nimebakiza kipande kimoja cha juzi, kwenye bakuli, nyuma ya mtungi. Kingeachwa kingeharibika, na kuharibu chakula ni dhambi. Nikakipasha moto. Nikakaa mkekani. Nikasali. Joto lilikuwa kali, mlango wazi.

Kivuli kikapita nje. Na mdomo wangu, kaka, ukajisemea wenyewe, tena kwa nguvu: "Karibu tule!"

Utanilaumu? Wewe huko jangwani mtu akipita karibu na hema lenu mkiwa mnakula, si unamwita? Ndivyo tulivyolelewa. Mtu hapiti mlangoni mwako hivi hivi ukiwa unatafuna. Unamwita, naye anajibu asante nimeshiba, anakwenda zake. Hakuna anayeingia!

Nemani aliingia.

Alikaa. Kabla sijavuta sahani, alikuwa ameshamega kipande kikubwa, kiko mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Macho yakamtoka.

"Binamu! Hiki ni kipya!"

Nikamwambia ameze. Akasema ananipeleka kwa mama Ulamila sasa hivi, hisa ni yake, kikapu ni chake, nimekwisha. Nikamuuliza atanishtaki kwa mdomo upi, ule uliojaa? Aliyeonja kabla ya Jumapili ni nani hapa, mimi peke yangu?

Shavu likabaki limevimba. Nilimwona akipiga hesabu. Akitema, kinaonekana. Akimeza, amekula. Mwishowe akameza. Kisha akanyoosha mkono akamega tena. Akasema ikiwa ni kuangamia, basi asiangamie na njaa. Akaomba tui.

Tangu utotoni sikuwahi kumpenda Nemani kama nilivyompenda dakika ile. Tukala. Tukacheka mpaka akapaliwa. Kivuli kingine kikapita nje. Nasi sote wawili, midomo imejaa, kwa sauti moja kama kwaya:

"Karibu tule!"

Mama Ulamila. Ufagio begani, anatoka kanisani. Na Merewalesi nyuma yake.

 Mama Ulamila akavua ndala, akaingia, akakaa, akatazama sahani. Akaniuliza kwa upole kiazi hiki ni cha mwaka gani. Nikasema cha mwaka jana. Nemani, mjinga huyu, kwa wakati ule ule akasema ni shelisheli.

Mama Ulamila akavuta kile kiazi chenye koti, akafungua kamba. Muhogo ukaanguka, ukabingirika hadi miguuni pa mke wangu. Mama Ulamila akauokota, akaugeuzageuza. Akasema katika maisha yake yote hajaona muhogo uliopambwa vile, hata kwenye arusi ya bintiye hakupambwa mtu hivyo.

Kisha akacheka? Hapana. Akasema tuonane kesho.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kanisa limefurika. Viazi vikuu mbele ya madhabahu kama kuni za mfalme! Vyeusi, vyekundu, vyenye vidole, vilivyopinda kama pembe za ndovu. Harufu ya udongo na maua. Nililia kabla hata ya wimbo wa kwanza, kwa furaha, na kwa sababu nilijua linalokuja.

Lilikuja. Mama Ulamila alisema mimi na Nemani tulete sadaka ya nyumba yangu, bila majani. Nikabeba kichwa cha kiazi. Nemani akabeba muhogo. Kutoka mlangoni hadi mbele, kaka, ni mbali sana. Watoto wa shule ya Jumapili walishindwa kujizuia. Kisha wazazi. Mchungaji aliomba huku mabega yakimtikisika, na aliubariki muhogo pia, kwa jina lake.

Halafu hukumu. Hisa yangu imekwenda. Nemani naye amefutwa kwenye foleni. Anayefuata? Mama Ulamila akaita jina. Merewalesi! Mke wangu mwenyewe! Alijiandikisha kimyakimya tangu Krismasi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ananifahamu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kikapu ni cha Merewalesi sasa. Mimi ni mbebaji. Ameniambia Jumamosi ijayo shamba linatoa duruka za kwanza, yale maua ya muwa yasiyochanua bado, na zote ni za chakula cha mchungaji. Nisizifungue hata kamba.

Duruka, kaka! Changa, zilizochomwa na maganda yake, na chumvi kidogo!

Nimejipima nafsi yangu kwa maombi, na kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa kula nyumbani. Kutoka uwanjani hadi kwetu, njia inapita kwa Nemani. Yeye ana mkaa, mimi nina fungu zima, na kamba naweza kuifunga upya vizuri kuliko alivyoifunga mtu yeyote. Mlango tutaufunga kwa komeo. Siri kabisa. Nimewaalika watu watano tu.

Usimwambie mtu. Nijibu upesi.

Ndugu yako, Isikeli