Bibi Ushindi Ameelekea Ufaransa

Jumatatu, 4 Oktoba 1688
Wafaransa wameizingira ngome yetu ya mto Rhine. Augsburg nzima inalia. Mimi nachonga! Medali ya ushindi, kabla ushindi wenyewe haujafika. Habari njema zikiingia, mimi nauza, na jirani yangu Jobst, mchongaji mwenye majivuno, bado ananoa patasi. Apollonia, mke wangu, ananishangaa: nachongaje na mwanetu Lenz yumo humo ngomeni? Nikamwambia ndiyo maana. Ushindi ukichongwa, huja.

Jumamosi, 9 Oktoba
Kazi safi. Mto katikati. Kushoto Ufaransa, kulia kwetu, kama kwenye ramani, hata majina sikuandika. Bibi Ushindi anaruka na mbawa zake, taji mkononi, anatujia. Jobst atakoma!

Jumanne, 12 Oktoba
Balaa. Nimegonga ya kwanza kwa bati. Nilisahau kugeuza! Kwenye muhuri wa chuma wa kugongea medali kila kitu huchongwa kinyume, hata mwanagenzi anajua. Sasa Bibi Ushindi anakimbilia Ufaransa na taji letu. Jobst akaiona dirishani. Akauliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, mama huyo katukosea nini hata anatutoroka. Nikasema anawafukuza. Akasema kwa taji?

Jumanne, 2 Novemba
Ngome imeanguka. Watu wamenirushia matope, eti nimeroga. Nikawaza: kumbe medali haina kosa! Nimegonga nyingine nyingi, nikampelekea mfanyabiashara wa Kifaransa. Ameisifu mno. Amechukua zote.

Jumatano, 10 Novemba
Lenz amekufa. Alizikwa shimoni pamoja na wenzake, hata jina hakuna. Mwanangu. Nimelia mpaka sauti imekauka. Apollonia hakulia. Aliniuliza tu kama wale walionunua medali ndio waliomuua. Jobst alileta supu, akakaa nasi. Nilimchukia zaidi.

Jumapili, 21 Novemba
Kaspar, mdogo wake Lenz, ameitwa jeshini. Kesho anakwenda ngome nyingine. Apollonia ameniangukia miguuni: Baba Kaspar, nakusihi, huyu usimchongee. Nikamwahidi. Maskini, hajui sanaa. Kosa lilikuwa moja tu, na sasa, kwenye muhuri mpya, nimeligeuza. Nimeshamaliza mbawa.